Mrudisheni Mkwe Wangu Ofisini

Kwako Bwana Mkurugenzi wa Kampuni ya Majokofu,

Salamu na heshima nyingi. Mimi ni mama mkwe wa yule kijana wenu anayejibu malalamiko ya wateja, yule mpole anayekohoa kabla ya kusema. Naishi kwake na binti yangu. Mlipotangaza kwamba anayetaka afanyie kazi nyumbani, yeye akataka. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nalalamika hivi:

1. Nyumba ni yao, sikatai, lakini mchana sebule ilikuwa yangu. Wakishatoka, navua kitambaa cha kichwani, nanyoosha miguu kwenye kochi, nafungulia tamthilia. Sasa kochini kuna mkwe. Bwana Mkurugenzi, wewe ungeweza kukoroma mbele ya mkweo? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa mkwe!

2. Juu shati na tai, chini bukta. Kila akiinuka kuchomeka waya, nageukia ukutani. Nyufa zote nimeshazijua.

3. Mwanamume mzima anaanika nguo mchana kweupe, majirani watasemaje? Wananipa pole, wanadhani mmemfukuza. Nikisema yuko kazini, wananishika bega na kuniambia Mungu atafungua njia. Fundi cherehani ameshamtafutia kibarua cha kushona vifungo.

4. Hili ndilo limeniua. Daktari wa kwenye tamthilia alikuwa anataja baba wa yule mtoto. Hapo hapo mkwe akainua kidole: mama, samahani, nina mkutano. Nikazima sauti. Nikaiona midomo ya daktari ikitaja jina, nisisikie kitu. Lo! Mpaka leo silali vizuri.

Kwa hiyo naomba mumrudishe. Kama viti vimewaishia, nitawaletea kochi. Na hilo likishindikana, nipeni mimi kiti chake kilicho wazi. Nitakuja asubuhi na televisheni yangu, sitamsumbua mtu.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mkeo, na zaidi mama mkwe wako, maskini.

Ni mimi, mwenye sebule.

Nyongeza: Wiki iliyopita nililalamika haya haya kwa ujumbe wa simu, kwenye namba iliyobandikwa kwenye jokofu letu, nikidhani yatafika kwa wakubwa. Jibu limeingia sasa hivi: "Mteja wetu mpendwa, tunasikitika kwa usumbufu. Hakutakuwa tena na mkutano saa ya tamthilia. Bukta imestaafu. Baba wa mtoto ni dereva. Tulitazama marudio kwa ajili yako."

Kumbe anayejibu ni yeye! Yuko hapo kochini, amevaa suruali ndefu, anakohoa, hathubutu kunitazama. Nimecheka mpaka machozi. Tangu nihamie hapa hatujawahi kuongea maneno mengi hivyo.

Kuandika upya siwezi, mkono umechoka, kwa hiyo ya juu yasahau. Mwacheni hapa hapa. Mkimwita ofisini nitalalamika, na mnajua nani atanijibu.