Wawindaji Wangu wa Lufira

Jumatatu, 6 Septemba 1982

Akili yangu leo imechemka kuliko tanuru za kiwandani! Sitwayeni Mwepu, anayegombea kiti cha komisa wa watu, yaani ubunge, hapa Likasi, aliingia dukani kwangu kununua viberiti. Nikamwambia mimi ni katibu wa Umoja wa Wawindaji wa Lufira. Nilipofungua mdomo, umoja huo haukuwepo. Nilipoufunga, ulikuwa na wanachama wengi ajabu.

Nikamweleza hali. Tangu vita vya miaka minne iliyopita, ruhusa ya bunduki ni taabu, risasi ni taabu, na nguruwe wa porini wanamaliza mihogo ya watu. Mgombea atakayeahidi kulegeza ruhusa, kura zote za wawindaji zitakuwa zake. Macho yakamng'aa. Akaahidi palepale. Tena akaahidi kwamba risasi za mji mzima zitauzwa duka moja tu. Langu!

Mke wangu Rosalie aliuliza kama nimewahi kushika bunduki. Wivu.

Jumanne, 7 Septemba

Habari zimevuka ua. Jirani yangu Casimir, ambaye ana bunduki ya kweli, kalibri kumi na mbili, na ruhusa ya kweli, na harufu ya nyama ya kweli kila Jumapili, alikuja kucheka mlangoni kwangu.

«Weye, Damas, unawinda nini? Panzi?»

Halafu akaacha kucheka, akaomba kujiunga. Shamba la mama yake liko karibu na mto Lufira, nguruwe hawamwachii kitu, na risasi zimemwishia, imebaki moja. Nikamwambia umoja umejaa. Mwindaji halisi angeniharibia wawindaji wangu.

Jumatano, 8 Septemba

Balaa. Mwepu anataka kuwaona wawindaji. Jumapili baada ya misa, wakiwa na bunduki zao. Ataleta mpiga picha. Nilisema ndiyo kabla ya kufikiri. Ndivyo wakubwa wanavyofanya.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimepata dawa. Nilikwenda kwa Aruna, seremala wa vitanda na majeneza, nikamwagiza bunduki za mbao. Aliuliza kama ni za kuchezea watoto. Nikasema ni za watu wazima. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayenipima urefu kwa ajili ya kazi yake nyingine.

Wawindaji pia nimepata: wanaume wa kwaya ya parokia, kwaya ya Rosalie. Nimewaahidi bia ya Simba, baridi, na nyama. Hawakuuliza zaidi. Rosalie aliuliza zaidi. Nikaenda kuhesabu viberiti.

Jumamosi, 11 Septemba

Mazoezi nyuma ya tanuru la matofali. Bunduki za Aruna ni nzuri mno! Tumezipaka dawa nyeusi ya viatu, na ukisimama mbali zinatisha. Ukizigusa, unaondoka na viganja vyeusi. Ila watu hawa hawajui kutembea kama wawindaji. Wanatembea kama kwenye msafara wa Sakramenti. Nikiita «Wawindaji!», wanajibu kwa sauti nne.

Nimewaambia kesho wasijibu kitu.

Jumatatu, 13 Septemba

Jana sikuandika. Nilikuwa mgeni wa askari, majandarmu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mwepu alishuka garini na koti lake la abakosi, mpiga picha nyuma yake. Wawindaji wangu wamesimama mstari, mbali kidogo, jua likiwapiga. Mwepu akasema akishinda, kila baba mwenye shamba atapata bunduki. Wawindaji wakasahau amri yangu, wakaitika «Amina», besi chini, tenori juu. Nilidhani tumeokoka.

Ndipo Casimir akatokea. Hakualikwa! Kofia kichwani, bunduki begani, na mama yake mzee nyuma yake. Akampita mpiga picha, akasimama mbele ya mgombea. Akasema: «Hawa benye kusimama hapa, sibajue. Miye iko na bunduki, na mama iko na njaa. Utatusaidia lini?»

Mwepu akamkumbatia kwa ajili ya picha. Casimir alifurahi kupita kiasi. Akainua bunduki, akafyatua hewani ile risasi yake moja, kwa heshima.

Mungu wangu! Wawindaji wote walitupa bunduki zao wakakimbia, viatu vikabaki. Mpiga picha alipanda mti. Mgombea alilala mtaroni, abakosi na vyote. Mimi? Mimi nilikuwa mtaroni kabla yake. Tuliangaliana huko chini.

Majandarmu walifika kwa lori. Tangu vita, mlio wa bunduki mjini si mchezo. Walimkamata Casimir, wakanikamata mimi, wakakusanya silaha. Kule kituoni komanda aliokota moja, akaigonga mezani, ikavunjika. Akatazama viganja vyake vyeusi. Akatazama vyangu. Kusema kweli, niliogopa sana. Watu wamepotea kwa makosa madogo kuliko hayo.

Rosalie alikuja akiwa bado na vazi la kwaya. Akamwambia komanda: «Bunduki ni ya mbao, na kichwa ya bwana yangu pia.» Komanda alicheka mpaka akashika tumbo. Nikaachiwa. Casimir naye akaachiwa, lakini bunduki yake imebaki huko.

Jumatano, 15 Septemba

Rosalie amerudi kutoka sokoni na habari. Mwepu amewahutubia akina mama. Ameahidi akichaguliwa, hakuna raia atakayebaki na bunduki, hata ya panya. Amesema ameona hatari kwa macho yake mwenyewe. Akina mama walipiga vigelegele. Mhaini!

Jumapili, 19 Septemba

Siku ya kura. Nilipiga yangu, sisemi kwa nani. Casimir alipita bila kunisalimu. Watu wanasema mama yake sasa analala shambani, anapiga debe mpaka asubuhi kufukuza nguruwe. Nilijisikia vibaya. Nikampelekea mafuta ya taa na viberiti. Alivipokea, akanibariki, mimi! Nilirudi nyumbani polepole. Nilimwapia Rosalie kwamba mambo ya siasa basi.

Jumanne, 21 Septemba

Mwepu ameshinda! Nilikwenda kumpongeza, adabu tu. Mlinzi alitaka kunifukuza. Basi nikasema kwa sauti, ili Mwepu asikie kutoka ndani, kwamba mimi ni katibu wa Umoja wa Familia Zisizotaka Bunduki.

Alitoka mwenyewe. Akauliza kama tuko wengi. Nikasema kuliko wawindaji. Akauliza kama kuna waliojeruhiwa. Nikasema karibu wote.

Anakuja kuwaona Jumapili.