Jabali la Mama na Risasi ya Mwaka Mpya

Jumapili, 31 Desemba

Niko kwa mama, kijijini Hiidenperä. Giza tangu saa tisa mchana, kama kila Desemba huku kaskazini. Nyuma ya nyumba jabali limenyamaza, na kampuni ya kokoto imeshalitoboa matundu ya baruti. Halmashauri itahifadhi jabali moja tu; imesema letu likithibitika kuwa kongwe kuliko jabali la kijijini kwa kina Tauno, halitaguswa. Mwisho wa kupokea jibu ni tarehe kumi na moja. Inayopima yote mawili ni maabara yetu. Na fundi ni mimi, Ilpo! Tauno naye ni fundi, meza ya pili. Anacheka kwa meno yote.

Jioni tukayeyusha madini ya risasi kwenye kijiko, kama kila mwaka, tukayamwaga kwenye ndoo ya maji baridi ili tusome bahati ya mwaka kwenye kivuli cha donge ukutani. La mama likatoa meli. Langu likatoa mtu aliyeinama. Mama akasogeza mshumaa. Kivuli hakikusogea! Mama akasema mwenye jabali, yule pepo akaaye ndani yake, amekuja kunitazama, kwa kuwa nilivunja kipande cha kupima bila hata kubisha hodi. Nilicheka. Nalala taa ikiwaka.

Jumanne, 2 Januari

Wazo! Ndani ya jiwe mna fuwele ndogo kuliko chembe ya chumvi. Zinapozaliwa zinameza madini ya urani na kuikataa risasi. Kisha ile urani inageuka risasi, polepole, kwa mwendo usiobadilika hata dunia ipinduke. Pima urani iliyobaki, pima risasi iliyozaliwa, umri huo hapo. Risasi nyingi, uzee mwingi. Nami mfukoni nina donge zima la mwaka mpya!

Alhamisi, 4 Januari

Chumba safi. Unavua pete, saa, viatu, unavaa nguo nyeupe hadi kwenye nyusi. Hata jasho la kidole lina risasi ya kuharibu kazi nzima. Donge nimelipitisha ndani ya soksi. Nikalikwaruza kwa ukucha juu ya kichupa ambamo fuwele za jabali la mama zilikuwa zinayeyuka kwenye asidi. Vumbi kidogo tu. Nimetumia fuwele zote nzuri. Moja ilikuwa na ufa, nikaitupa kwenye kopo la mabaki.

Nilipokuwa natoka, feni zote zikanyamaza. Nikasikia kitu kinagonga, taratibu, ndani ya meza. Meza ni ya plastiki. Bila shaka ni mabomba.

Jumatatu, 8 Januari

Majibu. Jabali la mama: miaka bilioni tano na nusu! Tatizo dogo, dunia yenyewe ina bilioni nne na nusu. Jabali la kina Tauno: bilioni sita. Nikaona wivu. Kisha ikaja chupa tupu, ile tunayoipitisha hatua zote ili tujue uchafu wetu wenyewe. Bilioni saba. Chupa ya plastiki, imeletwa Novemba!

Tauno alipauka. Akaninong'oneza, "Kaka, humu ndani kuna kitu." Nikamwambia ni mabomba. Lakini tukapima na vyombo vya chumbani. Koleo, kitasa, glavu, kila nilichokigusa kimeizidi dunia umri. Jioni nikajitazama kwenye kioo. Mvi mbili. Jana hazikuwepo.

Jumatano, 10 Januari

Bosi wetu, Aulikki, ametuita. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema kuna aina ya risasi ambayo urani haiwezi kuizaa kamwe, na mashine imeiona kila mahali. "Hii imetoka nje, jamani. Nani kwao wameyeyusha risasi ya mwaka mpya?" Tauno akajibu kwamba kwao wanapiga fataki tu. Wakanigeukia. Nikasema ni mama! Mama yangu mzazi, wa miaka themanini, eti kanitumbukizia donge kwenye soksi kwa bahati mbaya. Naona aibu kuandika.

Aulikki akauliza kama kuna fuwele iliyosalia. Nikasema hakuna. Tauno, mbea yule, akakumbuka kopo la mabaki.

Alhamisi, 11 Januari

Tauno ameipima fuwele yenye ufa, pamoja na moja iliyosalia ya kwao, kwa mashine nyingine, kwenye chumba ambacho sijakanyaga. Akaja mwenyewe mezani kwangu, bila kuonyesha hata jino. "Lenu limetushinda, bwana. Kwa miaka milioni mia mbili."

Limeshinda. Bila kuongezwa kitu!

Aulikki akasema fuwele moja haitoshi kuapia, na zile nyingine ndizo nilizoziharibu. Kusaga jiwe jipya ni kazi ya wiki kadhaa. Alipiga simu halmashauri kuomba muda. Wamekataa.

Ijumaa, 12 Januari

Kwa mama. Baruti imelia asubuhi, theluji ikaporomoka paani. Mama alisimama dirishani na koti lake. Akauliza lilikuwa na umri gani. Nikamwambia. Akauliza kama ungetosha kuliokoa. Nikasema ungetosha. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Akachemsha kahawa, akamimina vikombe vitatu. Nikamuuliza cha tatu ni cha nani. Akasema mwenye jabali hana tena pa kukaa, amemkaribisha ndani. Nikageuka kuchukua sukari. Niliporudi mezani, kikombe cha tatu kilikuwa kimepungua. Kiti chake kilikuwa na joto.

Nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa kina, na nimelielewa. Vumbi lilikuwa jingi mno. Machi wanalipua kilima cha shangazi. Hicho nitakitilia robo tu.