Mafuta Mekundu ya Lori la Masumbwe

Jumatatu, 4 Julai 1983

Lori la ghala la pamba limegoma. Lile lililoachwa na wazungu wa barabara, lisilo na pedeli ya klachi. Injini inanguruma, magurudumu yanasinzia. Klachi ipo, ila imejificha ndani ya konvata, bakuli la mafuta nyuma ya injini, na sasa inateleza.

Bibi Epifania, meneja wetu, anataka lori liongoze maandamano ya Saba Saba na pamba juu. Fundi atakayelitengeneza ndiye dereva wake. Mwingine ataswaga maksai wa ghala, nyuma. Mafundi ni wawili: mimi, Kamili, na Herman.

Herman kanusa kijiti cha kupimia mafuta. Kasema mafuta yameungua, chujio limeziba, tusubiri mafuta yake maalumu kutoka Mwanza. Kusubiri! Fundi gani huyo?

Nimechungulia kopo la zamani la mafuta hayo. Limebaki tone. Jekundu.

Jumanne, 5 Julai

Mafuta mekundu yapo sokoni kwa Mbuke. Mawese ya Kigoma, safi. Nilibeba debe zima. Akauliza ni arusi ya nani. Nikasema ni ya mgonjwa. Akanipa pole, akaongeza kikombe.

Mchana, Herman alipokwenda kula, nilimwaga ya zamani, nikajaza mapya. Chujio sikuligusa. Hilo ni wazo la Herman.

Klachi imeshika! Lori lilipanda hadi kanisani na kurudi, likinukia kama samaki wa Chato kikaangoni. Bibi Epifania kaniita dereva mbele za watu. Herman kauliza nimetia nini. Mafuta mekundu, nikamwambia. Sikusema uongo.

Jumatano, 6 Julai

Lori limepumzika. Nimenyoa ndevu. Nimemchongea Herman fimbo ya maksai. Kaipokea kwa adabu.

Alhamisi, 7 Julai. Saba Saba

Baridi ya asubuhi. Magunia juu, bendera mbele, Bibi Epifania kando yangu na kitenge kipya. Nikawasha, nikatia gia. Magurudumu hayakuzunguka. Nikakanyaga. Lori likatetemeka kama mbuzi aliyeloa.

Herman akachomoa kijiti. Kikatoka na donge la rangi ya chungwa, limeganda kama siagi. Akalionja. Taratibu.

"Kamili," akasema, "hapa panakosekana maharage tu."

Bibi Epifania alishuka, akaagiza maksai wafungwe mbele ya lori. Herman akanirudishia fimbo yake, kisha akakaa kwenye usukani. Nimeongoza maandamano kwa miguu, watu wakinisalimu mwangaluka, dereva. Herman anapunga mkono kama waziri.

Ijumaa, 8 Julai

Nipo zizini. Nimefikiri kwa utulivu. Kosa si langu, ni la baridi. Mafuta ya pamba hayagandi, na huku kwetu hayatafutwi mbali. Kasoro yake ni rangi tu.

Mke wangu Serafina ana rangi nyekundu ya mikeka. Nimemwomba vijiko viwili. Kauliza ni ya nini. Nikasema ni ya mgonjwa.