Mtu Upepo wa Kwanza, Mtu Upepo wa Pili

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimechoka. Siyo uchovu wa kazi, huo nimeuzoea. Huu ni uchovu wa kuishi na watu wasiojua filamu.

Leo mchana nilikuwa kwa Calist, mchoma kuku wa hapa njia panda ya Mkiwa. Nina kipapatio mkononi, nakula kwa amani. Calist akageuza kuku wake, akasema mbele ya wateja sita kwamba Mtu Upepo Sehemu ya Pili ni kali kuliko Sehemu ya Kwanza. Nikaweka kipapatio chini. Kuna maneno hayamezeki pamoja na kuku.

Mtu Upepo wa Kwanza! Steringi, shujaa mwenyewe, anapuliza upepo kwa viganja, anazuia daraja lisianguke na basi zima la abiria juu yake! Niliiona mwaka 2012 kwenye kibanda umiza cha Severina, ukumbi wetu wa filamu, benchi la tatu. Kwenye benchi hilohilo alikaa Luciana, ambaye sasa ni mke wangu. Anayeidharau filamu hiyo anaidharau ndoa yangu.

Nikamwambia Calist kwamba muendelezo ni kiporo: kinaliwa, lakini hakisifiwi. Watu wakacheka. Yeye akajibu kwamba kiporo cha makande ni kitamu kuliko makande yenyewe. Wakacheka zaidi.

Severina alikuwa pale anasubiri paja lake. Akasema tusimalizie ubishi kwenye moshi, tuje kibandani kwake Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, tujadiliane mbele ya watu wapige kura. Filamu itakayoshinda itaonyeshwa hapohapo. Calist akaongeza sharti. Atakayeshindwa aache kiti.

Kiti! Kibanda kizima kina mabenchi, na kiti kimoja tu cha plastiki chenye egemeo. Ni cha mwenyekiti wa watazamaji. Mwenyekiti ni mimi, tangu miaka saba iliyopita. Mgongo wangu umekunjwa na cherehani, benchi siliwezi. Nikakubali sharti kwa sauti kubwa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Sasa niandike jambo ambalo hakuna mtu anayelijua. Sehemu ya Pili sijaiona. Ilikuja mwaka jana, nikaona bango lake: steringi amekaa kwenye kigoda, ameshika kiuno. Steringi gani anashika kiuno? Mimi ndiye ninayeshika kiuno. Sikuona sababu ya kwenda kibandani kutazama mambo yangu.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada nimeanza uchunguzi. Mbinu: kuuliza habari za Sehemu ya Pili kana kwamba naijua.

Nilianza na Luciana akichambua mchicha. Nikasema ile sehemu ya katikati, pale steringi anapofanya lile jambo, ilimgusa? Akanitazama. Akauliza jambo lipi. Nikasema lile. Akasema lile lilimgusa sana. Akaendelea na mchicha. Sikupata kitu.

Mteja mmoja kutoka Issuna, aliyekuja kupunguza gauni, akasema steringi anakufa. Mumewe akasema hafi, analala. Wakagombana mbele ya cherehani yangu hadi wakasahau gauni. Steringi hafi! Hilo linajulikana dunia nzima. Kama anakufa, filamu ni batili. Kama analala, ni batili vilevile.

Mgongo unauma.

Jumatatu, 4 Agosti

Mwamuzi atakuwa Mwalimu Andrea, mstaafu, mtu wa haki. Nikaona haki yake nayo inaweza kusaidiwa kidogo.

Nilikwenda kwake asubuhi. Nikampa shikamoo mara mbili, ya pili akakataa kuiitikia. Nikaliona koti lake limetoboka kwenye kiwiko, nikalichukua, nikalirudisha saa saba limetiwa kiraka kizuri kuliko koti lenyewe. Akalivaa. Akajitazama. Akashukuru. Kisha akasema kwa upole kwamba mwamuzi hapokei zawadi, kwa hiyo atalihesabu koti hilo kuwa mapenzi ya jirani tu. Hakulivua.

Halafu akanipa habari iliyoniua. Ameandaa swali moja kwa kila msemaji: ataje kisa kimoja kilichomgusa katika filamu ya mwenzake, na aeleze kwa nini. Alisema mtu asiyeweza kusifu cha mwenzake hana haki ya kusifu chake.

Kwa hiyo lazima niione. Nilikwenda mbio kwa Severina kuazima flashi yenye Sehemu ya Pili. Calist alikuwa amekaa hapo anazungumza naye. Akauliza kama nimekuja kutazama filamu. Nikasema nimekuja kupima madirisha ya kibanda, nishone mapazia. Severina akafurahi mno. Sasa nina deni la mapazia manne, na filamu sijaiona.

Jumatano, 6 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa nashona mapazia.

Leo nimepata wazo. Watu hawapigii kura maneno, wanapigia kura wanachokiona. Katika Sehemu ya Kwanza steringi anavaa joho la buluu linalopepea mgongoni. Katika ya Pili, nasikia, hana joho, ana sweta. Sweta! Nikitokea mbele ya watu nimevaa joho, kura ni zangu hata kabla ya Mwalimu kuuliza swali.

Kitambaa nilikuwa nacho. Anastazia, mwenyekiti wa kwaya, alileta jora la buluu kwa ajili ya majoho kumi na manne ya kuvaliwa Jumapili hii, na mengi yake nimeshayashona. Buluu ileile! Kila fundi anajua kitambaa cha kwaya huwa na ziada, kwa sababu wenyeviti wa kwaya hununua kwa imani. Nikakata mita tatu. Nikatia na kola ya kusimama.

Luciana aliingia, akauliza hiki ni nini. Nikasema ni sampuli. Akauliza sampuli ya mwanakwaya gani mwenye mabega mapana hivyo. Nikasema wa sauti ya nne.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakukuwa na ziada.

Anastazia amekuja kukagua. Mwanamke mrefu, mpole, anahesabu kwa kidole. Akafika kumi na tatu, akarudia, akafika kumi na tatu tena. Nikamwambia kitambaa kimesinyaa. Akauliza kimesinyaaje na hakijafuliwa. Nikasema ni baridi ya Agosti. Akayapanga majoho upya, moja moja.

Kisha akasema, “Fundi, Jumapili tunapanda mbele kumi na wanne. Wa kumi na nne akiwa na gauni la nyumbani, nitasimama nieleze kanisa zima sababu yake. Baridi sitaitaja.”

Akaaga vizuri. Ndicho kinachotisha kwa watu wa kwaya.

Ningeweza kulifumua joho leo. Nimelitazama sana. Lakini kesho ni kesho. Nitalifumua Jumamosi, nikiwa mshindi.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Niandike haraka kabla aibu haijapoa.

Upepo ulivuma tangu asubuhi, kama kawaida yetu, na mimi mjinga nikaona ni baraka. Kibanda kilijaa, wengine wakasimama nje. Nilijificha nje, nyuma ya magunia ya mashudu ya alizeti hadi Mwalimu Andrea aliponiita. Nikatoka nimenyoosha viganja. Joho likapepea. Watoto wakapiga kelele! Kwa hatua nne nilikuwa Mtu Upepo mwenyewe.

Hatua ya tano upepo ukageuka. Joho lote likanirudia usoni. Nikaendelea kutembea kwa heshima bila kuona, nikagonga nguzo ya kibanda, nikaomba radhi kwa nguzo, nikaanguka mapajani mwa mtu. Nilipofunua uso, nikakuta ni Anastazia. Alikuwa ameshika upindo wa joho, anausugua kwa vidole. Akasema taratibu, “Kumbe kilisinyaa kikaja huku.”

Calist aliongea kwanza. Nilitegemea kejeli. Hakunikejeli. Alisema Sehemu ya Kwanza aliipenda akiwa kijana, alitaka kuwa yule steringi. Ya Pili anaipenda kwa sababu sasa tayari ni yule steringi: anaamka, kiuno kinauma, na bado watu wanamtegemea. Mwalimu akamuuliza kisa cha Sehemu ya Kwanza kilichomgusa. Akataja daraja, akalieleza vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mimi. Nilitaka kumpigia makofi. Nikajizuia.

Zamu yangu. Nikasema ya kwanza ni ya kwanza, na mtoto hamzidi mzazi kwa umri hata afanye nini. Wachache wakaguna kukubali. Kisha Mwalimu akauliza kisa cha Sehemu ya Pili kilichonigusa.

Nikasema pale steringi anapopigana na adui juu ya treni.

Mashine ya kusaga ya jirani ilinyamaza, naapa.

Mwalimu akauliza, treni ipi. Nikasema ile ndefu. Mtu mmoja kule nyuma akacheka, halafu wote. Hakuna treni. Hakuna hata reli.

Ndipo Luciana akasimama. Akamwamkia Mwalimu, akaomba kusema. Akasema, “Mume wangu hajaiona. Nimejua mwaka mzima, nikamwacha, kwa sababu anaamini ya kwanza ndiyo iliyotuoanisha.” Akanigeukia. “Baba Pendo, siku ile mimi niliingia humu kukimbia mvua. Filamu sikuiona. Uliniongelea sikioni mwanzo hadi mwisho, unanieleza kinachokuja. Daraja lenyewe sijui hadi leo lilianguka au halikuanguka.”

Miaka kumi na mitatu! Halikuanguka, nilimwambia. Hicho ndicho nilichoweza kusema mbele ya watu wote. Halikuanguka.

Nilipata kura tatu. Mmoja kati ya walionyoosha mikono alikuwa anajikuna kichwa tu.

Saa tisa alasiri Severina akafunga mapazia yangu, akawasha Sehemu ya Pili. Nilibanwa kwenye benchi la mwisho, joho limekunjwa mapajani. Calist alikuwa amekaa kwenye kiti. Kabla mtafsiri wa filamu hajaanza kuongea, akainuka, akaniambia, “Fundi, njoo hapa. Huo mgongo wako naujua.” Nikakataa. Akakibeba kiti juu ya vichwa vya watu, akakiweka karibu yangu, akaenda zake benchini.

Filamu ni hivi. Steringi amezeeka. Anashona viatu kwenye kibaraza. Upepo wa viganja vyake hauzimi hata kibatari. Adui anarudi, mji unamwita, naye anajifanya hasikii, kwa sababu anaona haya. Mwishoni anamwambia mkewe, nimechoka, sijui kama ninaweza. Mkewe anavaa viatu, wanatoka wote wawili. Hafi. Wala halali.

Vumbi liliingia machoni. Kibanda kile kina vumbi sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Tangu asubuhi nimefumua joho na kulikata upya. Kitambaa hakikutosha kipande kizima, nikaunga kiunoni na begani. Luciana alikaa upande wa pili wa meza anakunja pindo kwa mkono.

Nikamuuliza kwa nini anaipenda Sehemu ya Pili. Akasema kwa sababu mwanaume yule anarudi nyumbani na kusema amechoka. Mimi, akasema, huwa narudi nikisema watu hawajui filamu.

Nililifikiria hilo kwa urefu wa mshono mzima. Kisha nikasema, “Nimechoka, Mama Pendo.”

Akasema, “Najua. Nipe uzi.”

Tumemaliza saa kumi. Majoho kumi na manne. La kumi na nne nimempelekea Anastazia mwenyewe. Akalichunguza mshono kwa mshono, akasema atalivaa yeye, ili wasichana wake wasiulizwe maswali. Nikakosa pa kuangalia.

Nimeapa kuwa mtu mwingine. Nitasikiliza kabla ya kusema. Nitatazama kabla ya kubisha. Nimepita kwa Calist kumwambia hivyo. Akanipa kipapatio.

Jumapili, 10 Agosti

Kwaya imeimba vizuri mno. Anastazia alikuwa katikati na joho lake lenye maungio mawili, kichwa juu. Nimesali kwa utulivu ambao sijaupata siku nyingi.

Tulipotoka, Calist akaja mbio na suti yake. Severina amepata Sehemu ya Tatu. Calist ameitazama jana jioni, anasema inazizidi zote mbili. Akaniomba kwa heshima nije leo alasiri tuitazame pamoja, kiti ameniachia.

Inazizidi zote mbili? Inaizidi Sehemu ya Pili? Filamu iliyomtoa machozi mtu mzima! Nikamwambia haiwezekani. Nasikia ya Tatu ina masteringi wawili. Wawili! Mafahali wawili hawakai zizi moja, hilo hata wafugaji wa Kinyangiri wanalijua. Waandaaji wameishiwa, ndiyo maana wameongeza watu. Sehemu ya Pili ndiyo kilele, baada yake ni mteremko. Calist akaniuliza nimeiona lini hiyo ya Tatu. Nikamjibu kwamba mtu mwenye uzoefu haonji sumu ili ajue ni sumu.

Mwalimu Andrea alikuwa anapita na koti lake. Nikamsimamisha, nikampa shikamoo moja tu, nikamwomba atupangie mjadala Jumamosi ijayo. Mimi nitaanza kuongea. Nina hoja tano tayari, na jambo moja la kuonekana ambalo silitaji hapa.

Luciana alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Tulipofika nyumbani ameingia chumba cha cherehani, amekusanya vitambaa vyote vya wateja, amevifungia kabatini, ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga, ameenda kwa dada yake.

Sijui ana wasiwasi gani.