Malalamiko ya Maiti wa Kumi na Tisa

Kwako Ndugu Mhariri,

Wewe unayekata na kuunga filamu ya mjukuu wangu, ambaye wenzako wanakuita Mkasi.

Salamu nakupa, maana nimelelewa. Natumaini hujambo, na mgongo wako haujapinda moja kwa moja kwa kule kukaa kutwa umejikunja mbele ya kompyuta. Mimi sijambo ila nimekasirika, na hasira yangu ina sababu saba. Nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumtuma mtu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuhesabu najua, na hesabu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Kabla sijaanza, ujue unaandikiwa na nani. Kwa miaka thelathini na moja niliosha maiti wa kike katika chumba cha maiti cha hospitali. Wewe maiti umewaona kwenye kioo. Mimi nimewageuza. Kwa hiyo tukizungumza habari za wafu, kijana wangu, kaa vizuri.

La kwanza. Ni wengi mno. Jumapili iliyopita mjukuu wangu alitundika shuka ukutani sebuleni kwangu, akatuonyesha filamu nzima, majirani wakiwemo. Wewe ulisimama nyuma na mashine yako, unatabasamu. Mimi nilikuwa na penseli. Kila aliyekufa nilimpigia kistari. Vistari arobaini na moja! Kwa saa moja na nusu! Hospitali nzima, hata mwaka ule wa homa mbaya, hatukuwahi kupata siku ya namna hiyo. Na nyinyi muuaji mnaye mmoja tu, tena ni fundi umeme mwenye goti bovu, ambaye hata ngazi tatu za mlangoni kwangu anazipanda kwa kupumzika.

Nilipokuuliza ulinijibu kwa adabu, sikatai. Ulisema, "Bibi, watu wanakuja kuona vifo. Vikiwa vichache watasema tumewapunja." Sasa soma la pili.

La pili. Watu hawakuogopa. Ushahidi ninao, kwa sababu mimi sikuwa natazama shuka tu, nilikuwa natazama na watazamaji. Alipokufa mwoka mikate, yule wa kwanza kabisa, fundi cherehani wa nyumba ya pili alipiga yowe akanibana mkono, na alama ipo mpaka leo. Wa pili, yowe. Wa tatu, "Mama yangu wee!" Wa tano, yowe lilikuwa la adabu tu, kama mtu anavyocheka kichekesho cha baba mkwe. Wa nane, kinyozi akapiga mwayo. Kufika wa kumi na mbili walikuwa wanabishana. "Huyu wa shati la njano sasa hivi." "Aa, mpe dakika moja, hajafungua kabati." Akafungua kabati, akafa, wakapiga makofi. Wa kumi na tano walicheka. Mtu anakatwa na shoka, watu wazima wanacheka, na fundi cherehani anaomba apitishiwe maji ya kunywa!

Sasa nieleze. Kifo kimoja kilimtia fundi cherehani kichaa. Vifo kumi na tano vikamtia kiu. Hapo umeongeza au umepunguza?

La tatu. Hili ndilo linaloniuma, nitaliandika polepole. Wa kumi na tisa ni mimi.

Nilikufa vizuri. Usiniambie sikufa vizuri. Mjukuu wangu ni shahidi kwamba tulipiga mara moja tu, wala hatukurudia. Nilianguka kando ya beseni, kiganja nimekiacha wazi, macho nimeyaacha nusu, maana ndivyo yanavyokuwa. Wenzangu wote walifumba macho na kuyakaza kama watoto wanaosingizia usingizi. Nilizuia pumzi mpaka masikio yakavuma.

Basi, nakufa pale ukutani, na mdogo wangu wa tumbo moja, tunayeishi nyumba moja, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, amemgeukia fundi cherehani anamuuliza, "Hivi lile gauni langu umeshalipunguza kiunoni?" Sekunde nne ulizonipa zikaisha. Alipogeuza shingo, anakufa mtu wa ishirini. Nikamuuliza, "Umeniona?" Akaniambia, "Kwani ulikuwemo?"

Ndugu Mhariri, dada yake nimekufa mbele yake, naye anaulizia gauni. Simlaumu yeye. Nakulaumu wewe uliyenipanga foleni kama mtu anayengoja muhuri.

La nne. Maiti wenyewe hawana ubora. Kwa kuwa vifo mlivitaka vingi na watu mlikuwa nao wachache, mwoka mikate amekufa mara tatu: mara ya kwanza ana kofia, mara ya pili hana kofia, mara ya tatu mmembandika masharubu. Muuza magazeti anapumua, tumbo linapanda na kushuka. Karani wa posta amekwisha kufa, simu yake inatetemeka mfukoni, na mkono unakwenda kuipapasa. Halafu muuaji, na goti lile, anamburuza mwalimu mkuu mstaafu kwa mkono mmoja! Mwalimu yule unamjua alivyo. Sisi tulikuwa wanawake watatu wenye nguvu zetu, na tulihesabu moja, mbili, tatu, ndipo tumgeuze mama mmoja mwembamba. Mtu akifa anakuwa mzito. Ungelijua hilo usingeua arobaini na moja. Ungechoka.

La tano. Mkono wangu. Najua niliwaharibia kazi siku zile mnapiga picha, na sikuomba msamaha, na sasa hivi pia siombi. Kila mtu alipolala chini amekufa, mimi nilikuwa najikuta nimeshafika. Sikukusudia. Nikiona mdomo uko wazi, nafunga kidevu. Nikiona miguu imepishana, nainyoosha. Karani wa posta nilimfuta ile rangi nyekundu usoni, mkatumia saa nzima kumpaka upya. Mkanipigia kelele, "Bibi, toka kwenye picha!" Nikatoka. Mara sita nilitoka.

Lakini nasikia mahali pamoja mkono wangu uliwaponyoka ukaingia: unaonekana unamfumba macho mwenye duka. Na wewe ukaukata, ukasema watazamaji watauliza huo mkono ni wa nani. Waulize! Hicho kilikuwa kitu pekee cha kweli katika filamu nzima, nawe ukakitupa, ukaacha masharubu ya kubandika.

Kazini kwetu palikuwa na sheria, haikuandikwa popote: mmoja mmoja. Hata wakiletwa sita kwa pamoja, huchoti maji ya wawili. Unamwita kwa jina lake, unamwambia, "Mama fulani, sasa tunakugeuza. Maji ni ya baridi kidogo, tuvumilie." Wauguzi wapya walituona wendawazimu. Lakini miaka thelathini na moja, Ndugu Mhariri, na sikuwahi kupiga mwayo.

La sita. Kwa hiyo naomba uue mtu mmoja tu. Umesoma sawasawa, mmoja. Na ukishamuua, usikimbilie kwa mwingine. Muuaji mpe ndoo na kitambaa, amwoshe huyo aliyemuua. Amnyooshe vidole kimoja kimoja. Nakuhakikishia wa pili hatamfikia. Fundi umeme ataweka shoka chini na kuomba aende kwake.

Hao wengine watakaobaki hai wasikae bure. Waje nyumbani kwa marehemu. Mmoja ashike viatu vyake pale mlangoni asijue aviweke wapi. Mwingine afungue jokofu akute bakuli alilolifunika marehemu asubuhi, kijiko kimo ndani. Simu ya marehemu iite, wote waitazame, na asiwepo wa kuipokea. Kisha waondoke mmoja mmoja, abaki mtu wa nyumba hiyo peke yake, na vikombe vyote vichafu. Hapo ndipo pa kutisha. Mimi maiti sikuwaogopa siku hata moja. Nilichokuwa nakiogopa ni kufungua mlango na kumkuta ndugu wa marehemu aliyekaa nje kwenye benchi anangoja tumwambie ingia.

La saba. Nani auawe? Nimelifikiria kwa haki, bila upendeleo, nikawapitia wote. Mwoka mikate ameshapata zamu tatu, inamtosha. Muuza magazeti hawezi kuacha kupumua. Mwalimu mkuu hamna wa kumbeba. Nimebaki mimi. Naomba nipewe dakika kumi na moja za kufa na kukaa nimekufa, na ukinipa kumi na tano sitakurudishia. Yale mabango mliyobandika yenye herufi nyekundu, "VIFO 41", yabanduliwe, yaandikwe "KIFO". Mtaokoa hata wino.

Mwenye ukumbi anakuja Jumamosi kuitazama aamue kama ataionyesha, kwa hiyo una mpaka Ijumaa. Usiniambie haiwezekani. Aliyeweza kumuua mwoka mikate mara tatu hashindwi kuwafufua arobaini.

Nisalimie mama yako, aliyekuzaa bila kujua utakuja kuua watu wengi hivi. Msalimie fundi umeme, mwambie goti alikande kwa maji ya moto. Msalimie mwoka mikate, mara tatu. Na maiti wenzangu wote wasalimie, kila mmoja kwa jina lake, usiwasalimie kwa jumla.

Mimi mwenye haki yangu,
Bibi yake Mwongozaji wa Filamu.

Nyongeza. Leo ni Alhamisi, na bahasha nilikuwa sijaifunga. Jana mjukuu wangu aliikuta barua hii mezani, akamsomea mdogo wangu bila ruhusa yangu. Walicheka mpaka nikawasikia jikoni. Halafu akamwambia, "Bibi mdogo, njoo basi umwone dada yako." Akafungua kompyuta akamwonyesha kifo changu peke yake. Hapakuwa na wa kumi na nane, wala wa ishirini. Zile sekunde nne tu.

Hakupiga yowe. Aliomba arudishiwe tena. Kisha akaja jikoni nilikokuwa nachambua mchele, akanishika kifundo cha mkono kama daktari, akakaa hivyo. Nikamwambia, "Niachie, mchele unamwagika." Hakuniachia.

Tangu hapo ananifuata nyumba nzima. Nikiingia kuoga anasimama nje ya mlango ananiita, na nikichelewa kuitika anausukuma. Ameniuliza mara nne kama kifua kinabana. Leo asubuhi nilisinzia kidogo kwenye kiti, nikafumbua macho nikakuta ameweka kiganja mbele ya pua yangu anangoja pumzi. Ana miaka sabini na mbili.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, hayo yote saba yafute. Wewe kazi yako unaijua. Waache arobaini na moja, na ukipata wa kuongeza, ongeza, hata wafike hamsini. Waue harakaharaka, mimi niweke hapo hapo katikati ya msongamano, na anayenitangulia awe wa kuchekesha. Jumamosi mdogo wangu anasema atakaa mstari wa mbele, nami nitakaa naye. Zamu yangu ikikaribia nitamwangushia mkoba miguuni ainame kuuokota. Nimempima: kuinama anatumia sekunde tatu, kuinuka moja. Tafadhali usinizidishie.