Nyekundu ya Mashavu

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Siku njema! Kiwanda chetu cha samaki kimepata skrini mbili za rangi: moja mizani, moja chumba cha baridi. Meneja Otuoma katangaza: Ijumaa atachagua mkuu wa kompyuta, mimi au mwenzangu Akinyi. Wakwe zangu Misungwi nimeshawaandikia barua. Nimesaini "Mkuu".

Programu yangu: unaandika namba ya kreti ya sangara, inajibu alichoamua mkaguzi, POKEA au KATAA. Rangi zipo kumi na sita. Nimetumia zote! KATAA ya asubuhi njano, ya mchana zambarau, watu wasichoke. Nyeusi haionekani, lakini nayo ni rangi. Akinyi kasema rangi moja ibebe maana moja, kila mahali. Nimemwambia wivu utamzeesha.

Jumanne, 3 Septemba
Mzee Masele wa mizani kauliza zambarau ni samaki gani. Meneja kaniamuru nipunguze. Sawa. KATAA nyekundu, POKEA kijani, kama kwenye kozi. Masele akapokea kreti tatu zilizooza! Nikamfokea, hata shikamoo nikasahau. Akanijibu kwa upole kuwa miaka ishirini anafunua mashavu ya sangara: yakiwa mekundu samaki ni mbichi, yakigeuka kijani ni wa kutupa. Na maandishi yale madogo hayaoni. Nimeumbuka.

Jumatano, 4 Septemba
Akinyi anazunguka na daftari akiuliza wafanyakazi wanaonaje rangi. Anapoteza muda! Mimi nimegeuza dakika tano tu: POKEA nyekundu. Masele kafurahi. Chumba cha baridi bado programu ya jana. Disketi nitaipeleka nikipata koti la baridi.

Ijumaa, 6 Septemba
Aibu! Koti sikupata. Mbele ya Meneja, Masele kaona nyekundu, kaingiza kreti arobaini. Nkwabi wa chumba cha baridi kaona nyekundu, kazitoa zote. Masele kazirudisha. Nkwabi kazitoa. Mara tatu! Barafu inayeyuka, korongo wamejipanga ukutani wanasubiri mlo. Akinyi akaweka disketi yake kwenye mashine zote mbili: nyekundu POKEA, kijani KATAA, njano SUBIRI, na neno lenyewe kwa herufi kubwa. Samaki wakaingia, wakatulia. Ukuu na ufunguo wa chumba cha kompyuta kapewa yeye. Nimelia chooni, nakiri. Na barua iko Misungwi!

Jumamosi, 7 Septemba
Akinyi kaniita. Nilijua nafukuzwa. Kumbe kasema mkono wangu ni mwepesi kwenye programu, nibaki niwe msaidizi wake. Sharti moja: rangi tatu zisiguswe. Nimeapa kwa Mungu. Nimefurahi mno, nusura nimkumbatie.

Baba mkwe kajibu: Jumatatu anakuja na shangazi wawili kumwona Mkuu kazini. Lazima waone kitu. Rangi sigusi, kiapo ni kiapo. Ila nimesoma kitabu cha mashine: herufi zinaweza kupepesa kama jicho, zikiwaka na kuzima! Mizani nitapepesa POKEA, chumba cha baridi nitapepesa KATAA, wageni wasichoke. Kuhusu kupepesa, Akinyi hakusema neno.