Navuta Mpaka Mia Nane

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Habari njema! Klabu ya mbio za magari inatafuta mpigapicha wa msimu mzima. Tangazo limebandikwa kwenye geti la gereji yao. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mpaka mlinzi akaniuliza kama sijui kusoma kimyakimya. Masharti ni mepesi. Jumamosi kuna mbio. Kila mpigapicha alete picha moja tu. Jumapili mwenyekiti anachagua. Mshindi anapewa kizibao cha njano chenye neno PICHA mgongoni, na ruhusa ya kusimama ndani ya kamba, jirani kabisa na magari.

Nakitaka kizibao kile kama mtoto anavyotaka viatu vipya. Miaka yote hii studio yangu ni picha za pasipoti na harusi. Nimechoka kuwaambia watu wasicheke.

Tatizo ni mtu mmoja: Mia Sita. Mpigapicha wa ng'ambo ya barabara. Jina alilopewa na wazazi wake limesahaulika tangu aliponunua lenzi ya milimita mia sita, nyeupe, nene kama paja. Huibeba begani hata anapokwenda kunyolewa. Leo amenipungia mkono. Dharau! Mke wangu anasema ilikuwa salamu tu. Mke wangu hamjui yule.

Mimi nina lenzi mbili. Moja ya kati, inaanza sabini inaishia mia mbili. Nyingine fupi, thelathini na tano, naiita Mashangazi, maana kwenye harusi ndiyo pekee inayoweza kuwaingiza mashangazi wote kwenye picha moja bila yeyote kununa. Kwa mbio za magari, hizo ni mzaha. Dawa ya moto ni moto.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimekwenda kwa fundi kamera. Nimemwambia nataka lenzi ndefu kuliko ya Mia Sita. Akajikuna kichwa. Akasema gari lililosimama lipigwe kwa lenzi ya kati, ukiwa umerudi nyuma kidogo, hapo umbo lake linatulia. Ukilisogelea na lenzi fupi, pua inavimba na mwenye gari ananuna. Gari linalokimbia, akasema, kona za uwanja wetu ziko karibu na kamba, mia mbili inatosha na kubaki. Lenzi ndefu mno inakusanya vumbi lote na joto lote lililoko kati yako na gari, picha inatoka kama imepigwa ndani ya supu.

Nilimsikiliza kwa heshima zote. Kisha nikamuuliza ile nyeusi juu ya kabati ni ya nini.

Mia nane! Iliachwa na mtu aliyekuwa akipiga picha za ndege. Fundi amekubali kuniazima, mradi nimwachie rehani lenzi yangu ya kati. Nimemwachia bila kugeuka nyuma. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nyumbani mke wangu aliiangalia, akauliza italala wapi. Mama yake, ambaye yuko kwetu kuuguza goti, alichungulia tundu la mbele, akanusa.

Jioni nimempigia simu shemeji, kaka wa mke wangu. Jumamosi anashindana kwa mara ya kwanza, na gari alilolijenga mwenyewe uani kwake. Nikamweleza kwa furaha kwamba sasa navuta mpaka mia nane. Kwamba Mia Sita ni mtoto mdogo, hawezi kuvuta kama mimi. Kwamba nikivuta naona mambo ambayo wenzangu hawayaoni. Mama mkwe alikuwa anapita na kikombe. Kikombe kikamponyoka. Masikini, goti lile linamtesa sana.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mazoezi! Nimesimamisha mia nane kwenye stendi yake ya miguu mitatu, kona ya barabara, mbele ya shule. Sijapata hata gari moja linalokimbia. Kila dereva akiniona anakanyaga breki, anafunga mkanda, anaficha simu. Mmoja alisimama kabisa, akashuka, akanikabidhi leseni na kuomba asamehewe. Nimemsamehe. Mwalimu wa zamu ametoka kunishukuru. Anasema watoto hawajawahi kuvuka kwa raha namna ile, kwa hiyo nije kila siku.

Hatimaye ikapita teksi isiyojali. Nikapiga kwa shata, kile kikope cha ndani ya kamera, ya kasi ya mwisho. Ole wangu! Teksi ilipita kama imeiba, picha inasema imeegeshwa. Mpaka nati za magurudumu zinahesabika. Nikampigia fundi. Akasema shata ipunguzwe kasi na gari lifuatwe kwa kiuno. Ugeuke nalo polepole, lenyewe libaki safi, nyuma yake ndiko kukimbie.

Kiuno! Nikarudi nyumbani kujizoeza. Kitu pekee kilichokuwa kinatembea uani ni mama mkwe, anaanika nguo. Nikamfuata kutoka kwenye kamba mpaka mlangoni, jicho moja nimelifumba, kiuno nakinyonga taratibu. Nikarudia. Nikarudia tena. Akaanza kutembea haraka. Nilimshukuru kwa kuongeza mwendo, maana mazoezi hayana maana bila mwendo.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siku ya kuguswa moyo. Mke wangu alikuwa kazini. Mama mkwe akaniita sebuleni, akafunga mlango, akaniketisha. Akaanza mbali, alivyonipenda kama mwanawe tangu siku ya kwanza. Kisha akauliza kama ni kweli navuta.

Nikasema ndiyo, mama. Akauliza tangu lini. Nikasema nilianza kidogokidogo kwenye harusi za watu, ila kuvuta hasa ni tangu Jumanne. Akauliza kama mtoto wake anajua. Nikasema anajua, ndiye aliyenitafutia pa kuweka. Akashika goti. Akataka kujua nani amenifundisha. Nikasema fundi kamera, mtu mwema sana. Na huwa navutia wapi? Mbele ya shule, nikasema, na mwalimu ameniomba nije kila siku. Mama mkwe akafumba macho.

Mwisho akaniuliza kwa sauti ndogo kama siwezi kuacha. Kuacha! Nikamwambia, mama, nikishinda Jumamosi nitavuta msimu mzima, mbele za watu, na kizibao juu. Machozi yakamtoka. Sikujua kama anapenda picha kiasi hicho. Nimemuahidi kumpiga moja nzuri.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mama mkwe amenipa tangawizi nitafune asubuhi, mchana na jioni. Anasema inasafisha kifua. Nimetafuna yote. Sipendi kumvunja moyo.

Mia Sita nimemkuta mlangoni kwake, anafuta lenzi kwa brashi laini. Nikapitisha neno, kama bahati mbaya tu, kwamba ninayo mia nane. Akameza mate. (Mke wangu anasema alikuwa anakula.) Akaniuliza mimi, kama mwenzake, ni wapi pazuri pa kusimama kesho. Nikaona mlango umefunguka wenyewe! Nikamwambia asimame mwisho kabisa wa njia iliyonyooka, upande ambako upepo unapeleka vumbi. Sikumtajia vumbi. Akanishukuru. Mjanja mjini ni mmoja tu.

Mama mkwe amesema nikalale mapema, yeye atamalizia kunifungia mkoba. Mkwe kama huyu hapatikani.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Maafa! Nimefika uwanjani, nimefungua mkoba, nimefunua kitambaa. Chupa ya chai! Chupa kubwa, imefungwa vizuri kama kichanga, imejaa chai ya tangawizi. Kamera imo, mia nane haimo. Nikapekua mkoba wote. Chini kabisa, ndani ya soksi, ni Mashangazi peke yake.

Nilitaka kulia. Magari yameshaanza kunguruma, mimi nimeshika lenzi ya harusi! Mia Sita akaniona, akaja akauliza kama nahitaji kuazima moja ya zake. Dharau ya wazi! Nikamwambia asante, niko kamili. Akaenda zake kwenye vumbi lake.

Asiye na mwana aeleke jiwe. Nikafunga Mashangazi. Nikajaribu nikiwa kwenye kamba. Gari kwenye picha kama kunguni kwenye shuka. Lenzi haivuti, basi itabidi mimi nivutike. Nikainama, nikapita chini ya kamba, nikajisogeza mpaka kona ya mwisho, ambako walikuwa wamemwaga maji kutuliza vumbi, pamegeuka tope tupu. Mshika bendera akanifukuza. Nikarudi. Akanifukuza tena. Nikammiminia chai. Akasema nisimame hapohapo lakini nisifanye ujinga.

Mzunguko wa mwisho. Shemeji huyo anakuja, wa tatu! Wa tatu, na gari la uani! Akaingia kona, mkia ukateleza, gari likazunguka kidogo na kuzama topeni mbele yangu kabisa. Mstari wa kumalizia anauona. Magurudumu yanazunguka, gari haliendi. Wenzake wanapita mmoja mmoja.

Nikasikia sauti nyuma yangu: mwanangu! Mama mkwe! Kumbe alinifuata mpaka uwanjani, kwa mapenzi yake ya picha. Akapita chini ya kamba kama binti. Mshika bendera akapiga kelele kwamba hairuhusiwi. Mama hakumsikia. Akakunja gauni, akaweka bega kwenye buti la gari, akasukuma. Tope likaruka likamjaa kuanzia nywele mpaka viatu. Akafungua kinywa akapiga ukelele ambao ulifunika injini.

Mimi nikasogea. Nikasogea tena, mpaka tope likanirukia shavuni. Nikapiga.

Gari likachomoka. Shemeji amevuka mstari, wa mwisho, mkono nje ya dirisha, na mama yake nyuma anashangilia mikono juu. Hakuna aliyemshangilia mshindi kama walivyomshangilia wa mwisho. Nina furaha, jamani, ingawa sijui mia nane iko wapi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Gereji ya klabu. Picha zimebandikwa ukutani, juu ya matairi. Mwenyekiti, mama mrefu mwenye duka la vipuri, akapita taratibu, mikono nyuma. Ya Mia Sita: vumbi, na ndani ya vumbi taa mbili. Kweli kabisa kama supu. Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi sana.

Akafika kwangu. Buti la gari limevimba limejaa nusu ya picha. Namba kubwa kama ya nyumba. Kwenye kioo cha pembeni, uso wa shemeji, mdogo, macho yamemtoka. Matone ya tope yamesimama hewani. Na katikati, mama mkwe, bega chini, kinywa wazi. Gereji nzima ikacheka, kicheko kizuri, na mwenyekiti akasema nyingine ameziona lakini hii ameisikia.

KIZIBAO NI CHANGU! Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mia Sita. Mtu yule ana dharau mpaka mikononi.

Mama mkwe akaja kujitazama ukutani. Akaniuliza nilikuwa wapi yeye akisukuma. Nikamweleza kwamba nilikuwa na Mashangazi, na Mashangazi haivuti, ndiyo maana ilibidi nisogee. Laiti ningekuwa na mia nane, ningevuta nikiwa mbali. Akanitazama. Akauliza, polepole, kama kuvuta kwenyewe ndiko huko, kuleta gari karibu kwenye picha. Nikasema ndiyo, kwani kuna kuvuta gani kwingine? Akacheka mpaka akashikilia tairi. Akamwita mke wangu, wakacheka wawili. Akaniomba radhi, akanibusu kichwani mbele ya klabu nzima.

Halafu akaacha kucheka ghafla. Amekumbuka mia nane. Iko uani, ndani ya ndoo ya maji na sabuni ya unga, tangu Ijumaa. Alitaka kuitoa moshi.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimeirudisha mia nane kwa fundi. Akaiinamisha, likatoka povu. Hakupiga kelele. Akasema tu kwamba lenzi yangu ya kati sasa ni yake, ila nikimletea kazi za kutosha atanirudishia, maana kwa magari hiyo ndiyo yenyewe, alishaniambia. Kwa sasa nishukuru Mungu na nitumie Mashangazi, nisogee karibu, kama nilivyofanya. Picha imeshinda kwa sababu nilisogea, akasema.

Maneno ya busara sana. Nilimsikiliza kwa heshima zote. Lakini na mimi nina akili zangu. Ikiwa lenzi ya harusi imeshinda, hebu fikiria ndefu ingefanya nini! Nikamuuliza lile bomba la kijivu chini ya meza ni la nini.

Elfu moja na mia mbili! Amekataa, nikambembeleza, akakubali, mradi nimwachie rehani Mashangazi. Nimemwachia bila kugeuka nyuma. Nimelisukuma nyumbani kwa toroli, kizibao nimevaa. Mia Sita akauliza kama nahitaji mtu wa kunisaidia kusukuma. Dharau!

Nimempigia shemeji kumwambia kwamba sasa navuta mpaka elfu moja na mia mbili. Mama mkwe akatoka kusikiliza. Hakuangusha kikombe safari hii. Akalikagua lile bomba mwanzo mpaka mwisho. Akasema goti limepona na alikuwa anarudi kwake kesho, lakini ameamua kukaa mpaka mbio zijazo zipite. Kisha akamuuliza mke wangu kama hatuna ndoo kubwa zaidi.

Mama wa watu, anataka kunifulia kizibao.